Msiba wa Bibi Recheli na Kitabu Nisichokisoma

Jumanne, 4 Februari 2025

Nimeonywa tena. Mara ya pili! Mwalimu Tekla, mwenyekiti wa kundi letu la vitabu la Wasapu, ameandika mbele ya watu wote kwamba kuna mwanachama ambaye maoni yake yanafaa kitabu chochote, hata cha mapishi. Hakutaja jina. Nurdini akalitaja.

Kisa ni riwaya ya mwezi huu, Mpenzi Asiye na Kivuli. Nene kama tofali. Msichana wa kidato cha tatu anampenda mvulana mgeni darasani, kumbe mvulana ni marehemu, mpagazi wa zamani aliyefia njiani na msafara wa pembe za ndovu. Hana kivuli. Halambi chumvi. Haya nimeyapata nyuma ya jalada. Ndani sijaingia. Mimi ni mtu wa steshenari, mtaa wa Kanyenye hapa Tabora, kutwa nashika karatasi za watu. Jioni nikiona karatasi nyingine macho yanajifunga yenyewe.

Basi leo nikaandika kundini kwamba mwandishi amewaumba wahusika wake kwa ustadi mkubwa. Kauli hiyo imenivusha miezi miwili. Nurdini akauliza ni mhusika yupi hasa. Nikajibu wote. Akauliza, hata mbuzi? Nikasema hasa mbuzi.

Hakuna mbuzi humo!

Nurdini huyu ni Mzaramo. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli. Ananiita mtani kwa sababu babu zetu Wanyamwezi walipita kwao na mizigo wakielekea pwani, kana kwamba mimi nilikuwemo kwenye msafara. Ana gari aina ya Noah, ana sauti nzito, na kitabu amekisoma mara mbili. Mtu wa namna hiyo alipaswa kuhamishiwa mkoa mwingine.

Kwa nini sijitoi? Levina. Fundi cherehani wa mtaa wa Mtendeni. Kila Alhamisi jioni tunapofanya mjadala kwa simu ya kundi nasikia sauti yake, na cherehani nyuma yake. Ananiita kaka Silasi. Hilo la kaka nalifanyia kazi. Lakini sheria ya kundi ni onyo la tatu, unatolewa. Nikitolewa, Levina nitamsikilizia wapi? Nguo za kumpelekea zimekwisha. Suruali zangu zote ameshazipunguza, na sasa zote zinanibana.

Jumatano, 5 Februari

Mpango: niwahi kabla sijawahiwa. Alfajiri nimeandika kundini kwamba sehemu iliyonitoa machozi ni ile harusi. Hadithi ya mapenzi haiwezi kukosa harusi. Nilikuwa na uhakika.

Levina akauliza harusi ipi, kaka Silasi. Nurdini akatuma ujumbe wa sauti. Kicheko kitupu, bila neno hata moja. Mwalimu Tekla yeye hakucheka. Ameamua kwamba mjadala wa kesho saa moja usiku utaongozwa na Silasi, mwanzo mpaka mwisho. Nikishindwa, ndiyo kwaheri.

Nimefunga duka mapema nikasome. Ukurasa wa kwanza mvua inanyesha. Wa pili bado inanyesha. Nimezinduka giza limeingia, kitabu kiko usoni na udenda umefika ukurasa wa tatu. Hapo ndipo nilipofika na mimi.

Alhamisi, 6 Februari

Siku mbaya. Kutwa natafuta upenyo. Niseme naumwa? Nurdini angekuja kunijulia hali na kitabu kwapani. Niseme simu imeharibika? Nawauzia watu vocha kwa simu hiyohiyo. Niseme umeme umekatika? Mtaa mzima una taa.

Imebaki nusu saa, jasho linanitoka, ndipo wazo likaja. Msiba! Mfiwa haulizwi kitabu. Nikaandika: "Ndugu zangu, bibi yangu mzaa mama, Bibi Recheli wa Usoke, ametutoka leo. Naombeni mniwie radhi kuhusu mjadala."

Bibi Recheli yu hai kabisa. Analima tumbaku kuliko vijana. Nimemchagua yeye kwa sababu ana roho nzuri, na kwa sababu wa upande wa pili alishafariki zamani na isingekuwa adabu kumrudia.

Pole zikamiminika. Vikatuni vya kulia. Mishumaa. Mistari ya Biblia, na dua za Kiislamu kutoka kwa Nurdini, lazima niseme ukweli. Kisha Levina akanipigia simu. Mimi, peke yangu! Akalia. Nami nikalia kidogo, kwa heshima. Mjadala umeahirishwa. Nimekwenda kula chipsi mayai kwa raha zangu zote. Mzigo umetua. Usingizi nilianza kuusikia nikiwa bado nakula.

Baadaye. Kuna jambo sikulifikiria. Hawa ni watu wa Tabora.

Nurdini ameandika: "Mtani, mazishi lini? Noah ipo." Nikajibu tumeshazika, leo hii. Akashangaa, Wakristo tangu lini wanazika siku hiyohiyo? Nikasema ndivyo alivyotaka marehemu. Mwalimu Tekla akaingia, akasema kuzikwa hakubadilishi kitu, Jumamosi tunakwenda Usoke kukupa pole nyumbani. Nikasema njia mbovu. Wakasema ni lami. Nikasema mvua. Wakasema wana miavuli. Nikasema nyumba ni ndogo. Wakasema msibani watu hukaa nje.

Nani anaweza kuwakataza watu kuja msibani? Mimi mwenyewe ningemshangaa mtu huyo. Levina anaazima sufuria kubwa kwa dada yake. Mchele umepatikana. Nurdini ameomba picha ya marehemu, nimemtumia, na sasa picha ya kundi ni bibi yangu, na mshumaa pembeni yake, akicheka.

Ijumaa, 7 Februari

Mpango: nimpigie Bibi nimweleze. Ashinde kwa jirani Jumamosi, wageni wale, walie, waondoke. Atacheka tu. Ananiita mume wangu, kama walivyo mabibi, na mume hanyimwi kitu kidogo kama hicho.

Simu haipatikani. Asubuhi haipatikani. Mchana haipatikani. Nikampigia Bundala, jirani yake. Bundala akasema hajamwona Bibi tangu jana jioni. Mlango umefungwa. Kuku wamezagaa. Hakuna moshi. Nikamwambia avunje mlango. Akasema mlango wa mama yule yeye havunji, fimbo yake anaijua.

Jana jioni. Saa ileile niliyomfisha!

Nimekaa juu ya boksi la karatasi. Nimemuua mimi. Nimemtaja kati ya wafu na wafu wamemsikia. Bibi huyu amenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa akirudi shambani mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa tumbaku, na bado anafua sare yangu. Mwaka mzima sijakanyaga Usoke. Namtumia vocha, najiona mjukuu mwema.

Nimelia. Safari hii kweli. Mteja wa picha za pasipoti alitoka kimyakimya. Basi la mwisho la Usoke lilikuwa limeshaondoka. Levina akaja na chupa ya chai na maandazi, akanikuta hivyohivyo, akasema: "Lia, kaka Silasi. Usijibane." Akakaa karibu yangu mpaka jua lilipozama. Nilichokitamani miezi yote kilikuwa hapo pembeni yangu, na sikukiona. Ningetoa vyote, Levina na chai na maandazi, nisikie "haloo" moja tu ya Bibi.

Jumamosi, 8 Februari

 Niandike kwa mpangilio.

Tumeondoka alfajiri. Akina mama wamejifunga kanga, sufuria imekaa katikati kama abiria. Mimi nimewekwa mbele, kiti cha mfiwa. Nurdini anaendesha taratibu kwa heshima, jambo ambalo lilizidi kuniumiza.  Wakaniona nina majonzi, na nilikuwa nayo.

Tumefika. Uwanja mtupu. Hakuna turubai, hakuna viti, hakuna mtu. Kuku tu. Wingu zito limetanda. Mwalimu Tekla akauliza waombolezaji wako wapi.  Nilikuwa nautazama mlango.

Hapo Nurdini akaanza kazi yake. Mtani msibani ana ruhusa zote. Anamwiga marehemu, anamtukana, anashika sufuria mpaka ikombolewe kwa pesa, na mfiwa hana haki ya kukasirika. Ni mila, na husaidia watu kupumua. Akachukua jembe la Bibi ukutani, akajitanda kanga yake iliyokuwa imeanikwa kwenye ua, akainama, akaanza kujikongoja uwanjani akitetemesha sauti: "Miye Recheli nimekufa! Nimekufa na uchoyo wangu! Asali nimeificha mvunguni, hampati hata ya kulamba!" Akina mama wakacheka na kufuta machozi kwa pamoja. Mimi nagonga mlango. Nagonga, naita.

Ndipo nikaliona kufuli. Kwa nje.

Kichwa kikaanza kufanya kazi polepole. Mtu hajifungii kwa nje kisha akafa ndani. Kabla sijafika mwisho wa fikra hiyo, sauti ikatoka nyuma ya zizi: "Jembe hilo mpini umelegea, litakukata mguu."

Bibi Recheli! Na kapu la uyoga kichwani.

Nurdini akatupa jembe. Kanga hakuitupa, alikimbia nayo. Akaingia kwenye Noah, akapandisha vioo, akafunga milango na huku mwenyekiti wake yuko nje. Mwalimu Tekla, miaka yote ya kufundisha sayansi, akajificha nyuma ya sufuria. Levina ndiye aliyekisoma kitabu vizuri. Akatazama chini, akapiga kelele: "Hana kivuli!" Kweli hakuwa nacho. Wala sisi hatukuwa nacho, kwa wingu lile, lakini nani alijitazama?

Wote walikimbilia upande mmoja. Mimi nilikimbilia upande wa pili. Nikamkumbatia, kapu likadondoka, uyoga ukatapakaa. Ananuka moshi na mvua. Ana joto. Yu hai, yu hai, yu hai! Nimelia kama mtoto, na sioni haya kuandika.

"Mume wangu, nani kafa?" akauliza. 

Mwalimu Tekla akajitokeza na pakiti ya chumvi tuliyokuja nayo. Akasema shikamoo kwanza, malezi yake hayakumwacha hata mbele ya mzuka. Bibi akaitikia marahaba. Mwalimu akamwomba alambe chumvi kidogo, kama hatajali. Bibi akalamba. Akaomba na nyingine ya kuungia uyoga. Basi wakasogea mmoja mmoja, wakimgusa mkono.

Kumbe Alhamisi jioni alikwenda kwenye mkesha wa akina mama wa kanisa, kijiji cha pili, akabaki huko kwa dada yake, na leo akapitia porini kuchuma uyoga. Simu aliizima makusudi. Kuna kijana kila siku anampigia kumwambia ameshinda zawadi, amemchoka.

Likaja swali. Sasa nani alileta habari? Macho yote kwangu. Kioo cha Noah kikashuka upana wa kidole. Nikaanza kueleza kwamba nilipigiwa na namba nisiyoijua, kwamba mtandao ulikuwa unakatakata. Bibi akanitazama. Ananijua tangu nilipomwambia fisi amekula viatu vyangu vya shule. Akanisemesha kwa Kinyamwezi, maneno machache. Sitayaandika hata humu.

Kisha akawageukia wageni, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba habari za kifo chake hutoka karibu kila mwaka, mwaka juzi alikufa mara mbili, na kwamba mtu aliyekuja msibani na mchele wote huo harudishwi nao. Nilitamani kumbusu miguu. Nilimbusu mikono.

Nurdini akatolewa garini. Bibi akamkumbusha sheria: mtani anayemsimanga mtu ambaye hajafa, anatozwa. Akachukua viatu vyake na funguo za Noah, akamkabidhi uyoga wote achambue. Kukasirika hawezi, ni mtani! Nurdini pekupeku, amejitanda kanga, anapuliza uyoga mchanga utoke. Nimeishi kuyaona haya.

Wali umepikwa. Msiba ukawa shughuli. Watu wanakula na kucheka, maana kila mmoja alikuja na kilio na sasa hana pa kukipeleka. Na mimi nimekula sana. Nilikuwa naosha mikono pale Mwalimu Tekla alipokumbuka. Kundi lote liko hapa. Mjadala je? Silasi aongoze!

 Nikamtazama Bibi, na Mungu akanifungulia. Nikasema si uungwana kumtenga mwenyeji, kwa hiyo tumsimulie kitabu kutoka mwanzo, yeye aulize. Loo, aliuliza! Maiti huyo anakula nini kama chumvi haonji? Wazazi wa binti wanasemaje? Ukoo wake uko wapi, mbona hakufanyiwa matambiko akatulia? Mtoto wa watu anasoma saa ngapi? Kila mtu anagombea kujibu. Mimi natikisa kichwa tu, endelea Levina, ongeza Mwalimu, hapo Nurdini umegusa penyewe. Levina aliposimulia binti anavyoagana na mvulana wake kando ya njia ya msafara, Bibi akatazama barabarani. Akasema wapo wengi walioachwa kando ya njia ile, na afadhali huyu mmoja amepata wa kumlilia. Akina mama wakavuta kanga machoni. Hata mimi, ambaye ndiyo kwanza nasikia, nilijifuta kwa mkono wa shati.

Kufikia kahawa nilikuwa nakijua kitabu chote. Mwalimu Tekla ametangaza kwamba mjadala haujawahi kuwa mtamu hivi. Maonyo yangu yamefutwa!

Njiani kurudi Levina alikaa nyuma yangu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wote walikimbia, mimi peke yangu nilimkimbilia mtu wangu, na hilo hatalisahau. Akaniita Silasi. Silasi tupu, bila kaka.

Bibi yu hai. Nimo kundini. Na hilo la tatu. Sijui nishukuru lipi kwanza.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Nimetoa sadaka nono. Nurdini ameingiza namba ya Bibi kundini, na Bibi ameshatuma ujumbe wa sauti kudai kanga yake.

Jumatano, 12 Februari

Kitabu kipya kimetangazwa. Jini la mtoni linampenda msichana yatima. Hiki ni matofali mawili! Na Mwalimu Tekla, kwa jinsi nilivyong'ara Usoke, amenipa tena kuongoza, Alhamisi ya wiki ijayo.

Nimekaa nikatafakari. Mtu lazima ajifunze kutokana na makosa yake. Kosa langu lilikuwa wapi? Msiba. Msiba unakusanya watu, tena unamtisha mtu bure. Safari hii nimechagua jambo la furaha, lisilomdhuru yeyote. Nimeandika kundini kwamba Alhamisi hiyo sitakuwepo, nakwenda kupeleka posa.

Vigelegele! Nurdini amefungua kundi jipya, Kamati ya Harusi ya Mtani, na Noah ameitoa tayari. Mwalimu Tekla ni mwenyekiti. Bibi ametuma ujumbe wa sauti mrefu: ameshawaambia kwaya, mazoezi yanaanza Ijumaa, na ng'ombe wa mahari mjomba atamtoa. Hili sikulitarajia kwa upana huu, lakini limeniondoa kwenye mjadala, na hilo ndilo la msingi.

Levina peke yake alikaa kimya kutwa. Jioni ameniandikia mimi tu, pembeni. Amenipongeza. Amesema gauni la bibi harusi atalishona yeye, zawadi yake, ila anahitaji vipimo vya huyo dada.

Nimefikiri haraka, kama kawaida yangu. Nimemjibu kwamba vipimo vya huyo dada ni sawasawa kabisa na vya kwake yeye.

Ameusoma. Tiki mbili za bluu. Hajajibu mpaka sasa. Nadhani anatafuta futi ya kujipimia.